Mapigo Baada ya Uchungu

Le Jumeau, anayejulikana zaidi kwa jina la ukoo wake wa kikabaila, de Kergaradec, hakuwa daktari wa uzazi. Alikuwa tabibu wa Paris na mwenzake René Laennec, yule ambaye mwaka 1816 alikunja karatasi ikawa mrija, akaiweka kifuani kwa msichana mgonjwa kwa kuona haya kulaza sikio lake pale, na stethoskopu ikazaliwa. Laennec alishughulika na mapafu na moyo. Kergaradec alikuwa na hamu nyingine: alitaka kusikia maji ya uzazi yakichezacheza mtoto anapojigeuza. Akaweka chombo chake juu ya tumbo la mama aliyekaribia kujifungua, akatega sikio. Maji hakuyasikia. Alichosikia ni mlio mdogo wa haraka, wenye pigo maradufu, kama saa ya mfukoni iliyowekwa karibu. Akahesabu mapigo 143 hadi 148 kwa dakika, akashika mkono wa mama na kukuta mshipa wake unapiga kama nusu ya hapo. Ubishi ukaisha. Ndani ya tumbo lile mlikuwa na moyo wa pili.

Andiko lake alilisoma mbele ya Chuo cha Kifalme cha Tiba Desemba 1821. Hakuwa wa kwanza kuyasikia mapigo hayo. Miaka mitatu nyuma, mwaka 1818, mpasuaji wa Geneva aitwaye François Isaac Mayor alilaza sikio tumboni kwa mjamzito, akausikia moyo wa mtoto, na taarifa ikatoka ya mistari michache tu: kwa njia hii daktari anaweza kujua kama mtoto yu hai au amefia tumboni. Basi, akaishia hapo. Kergaradec alilivuta jambo mbele. Aliuliza kama mapigo hayo yangeweza kuonyesha mimba ya pacha. Akauliza tena, na hili ndilo lililobaki: je, nguvu na kasi ya mapigo vikibadilika, haviwezi kumwambia tabibu kama mtoto ni mzima, anaumwa, au yuko hatarini? La pacha halikuwasumbua watu sana. La pili limejibiwa, jibu likafutwa, likajibiwa upya, kwa karne mbili sasa.

Jambo lilivuka bahari hadi Ireland. John Creery Ferguson, daktari aliyekuwa amepita Paris, aliyasikia mapigo ya mtoto mjini Dublin mwaka 1827, na katika hospitali ya wazazi ya Rotunda mjini humo Evory Kennedy akaichukua kazi hiyo kwa bidii ya kweli. Mwaka 1833 alitoa kitabu kizima juu ya usikilizaji wa tumbo la mjamzito. Humo aliandika jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kubwa kuliko mengi yaliyoletwa na mashine baadaye: moyo wa mtoto unaopunguza kasi wakati wa uchungu kisha ukachelewa kurudi uchungu unapoachia ni dalili mbaya.

Uzito wa maneno hayo unaonekana ukijua kinachotokea ndani tumbo linapokaza. Mtoto aliye tumboni hapumui. Oksijeni yake yote hutoka kwenye kondo la nyuma, ambako damu ya mama hufika kwa mishipa inayopenya katikati ya msuli wa mji wa mimba. Msuli ukikaza, mishipa hubanwa, damu hupungua au husimama kabisa kwa muda, na mtoto huishi kwa akiba aliyonayo. Uchungu ukiachia damu hurudi, akiba hujaa tena. Mtoto mzima hustahimili hayo mara nyingi mno kwa siku moja na akazaliwa akilia. Lakini kondo likiwa dhaifu, kwa mfano kwa mama mwenye shinikizo la damu au mwenye mimba iliyopitiliza siku, au uchungu ukifuatana bila nafasi, kama unavyoweza kufanya dawa ya kuongeza uchungu ikizidi kipimo, akiba haijai. Hapo moyo huanza kushuka mkazo ukiwa umefika kileleni, na mkazo ukiisha moyo bado uko chini, unajikokota kupanda.

Kennedy alilijua hilo kwa bomba la kusikilizia na subira ya kukaa. Na humo mna mtego. Mkunga akisubiri mama atulie, uchungu uishe kabisa, ndipo aje kusikiliza katikati ya mikazo, atakuta moyo umekwisha kurudi. Ataandika 140, ataenda kwa mama wa kitanda cha pili, na karatasi itasema kila kitu ni sawa.

Miaka iliyofuata ilileta pembe bora za kusikilizia na kanuni nyingi. Mjerumani Hermann Schwartz alihimiza mwaka 1858 mapigo yahesabiwe mara kwa mara wakati wa uchungu. Mfaransa Adolphe Pinard aliipa pembe umbo lile ambalo kila mkunga wa Tanzania au Kenya analijua, la mbao au la bati, mdomo mpana tumboni na bapa jembamba sikioni, mikono ikiwa imeachia ili kidole kisilete mlio wake. Mwaka 1893 Franz von Winckel, pia wa Ujerumani, aliweka masharti ya mtoto aliyechoka: mapigo kupita 160, au kushuka chini ya 100, au kwenda bila mpangilio, kinyesi cha kwanza cha mtoto kuonekana kwenye maji ya uzazi, au mtoto kubadili mno namna anavyocheza. Masharti hayo yalitawala wodi kwa zaidi ya nusu karne, na tarakimu zake zikakaririwa na vizazi vya wanafunzi. Ukiyatazama vizuri, alama ya Kennedy haimo. Kilichobaki ni idadi tu, juu ya kiasi fulani au chini ya kiasi fulani.

Hesabu hiyo ilikuja kupimwa Marekani katika utafiti mkubwa wa hospitali nyingi. Ralph Benson na wenzake walipitia rekodi za uzazi 24,863, na mwaka 1968 wakatangaza kwamba kusikiliza kwa pembe, kama kulivyokuwa kukifanyika, hakukutoa dalili hata moja ya kuaminika ya mtoto kupungukiwa oksijeni, isipokuwa hali ilipokuwa imeharibika kabisa. Taarifa hiyo ilisomwa kama hukumu ya kifo kwa pembe ya Pinard. Wachache waliuliza kama kosa lilikuwa la pembe au la ratiba ya kuitumia. Mashine ya kupima moyo wa mtoto nayo ilikuwa tayari mlangoni.

Ilikuwa imetoka njia mbili, moja ya kusini na moja ya kaskazini. Mjini Montevideo, Uruguay, Hermógenes Alvarez na mwenzake Roberto Caldeyro-Barcia walikuwa wanapitisha mrija mwembamba kwenye ukuta wa tumbo hadi ndani ya chupa ya uzazi ili kupima nguvu ya kila mkazo. Kipimo chao, kilichoitwa kwa jina la mji wao, kinatumika mpaka leo. Baadaye Caldeyro-Barcia akaongeza mstari wa pili kwenye karatasi, wa moyo wa mtoto, na mistari hiyo ikaenda pamoja, mkazo chini na moyo juu. Sasa jicho liliweza kuona yale ambayo sikio la Kennedy lilikuwa likiyavizia. Caldeyro-Barcia aligawa miteremko ya moyo mafungu mawili. La kwanza huanza na mkazo na kuisha nao. La pili huja baada ya kilele na kuchelewa kurudi, na watoto wake ndio walioelekea kuzaliwa wamelegea.

Kaskazini, katika Chuo Kikuu cha Yale, Edward Hon alikuwa akifanya kazi hiyo hiyo kwa umeme wa moyo. Wazo lilikuwa na umri: Max Cremer wa Munich alikuwa ameunasa umeme wa moyo wa mtoto aliye tumboni tangu 1906. Hon alilifanya chombo cha wodini, na andiko lake la 1958 ndilo linalohesabiwa kuwa mwanzo wa upimaji wa kielektroniki. Mwaka 1967, yeye na Edward Quilligan walichapisha mgawanyo wa mafungu matatu ambao wanafunzi wa udaktari na ukunga wanaukariri hadi leo. Mteremko wa mapema waliueleza kwa kichwa cha mtoto kubanwa. Mteremko wa kuchelewa waliueleza kwa kondo la nyuma kushindwa kutoa oksijeni ya kutosha. Mteremko unaobadilikabadilika, wenye ncha kali na umbo tofauti kila mara, waliueleza kwa kitovu kubanwa.

Ni mgawanyo mzuri, na wepesi wake wa kufundishika umeusaidia kuishi kuliko ushahidi wake. Miaka ya karibuni Alistair Gunn na wenzake wa Auckland, New Zealand, baada ya kazi ndefu kwa vijusi vya kondoo, wamesema hadithi ya kichwa kubanwa haina msingi imara. Kwao, karibu kila mteremko mfupi wakati wa uchungu ni mwitikio mmoja: vihisishi vya mwili vimegundua oksijeni imepungua, vikaamuru moyo upunguze kasi ili mtoto asimalize akiba yake. Yaani mteremko wenyewe ni kinga. La kuangalia ni kama mtoto anapata nafasi ya kupumzika kati ya mmoja na mwingine.

Mwaka 1968 mashine ya Konrad Hammacher wa Ujerumani, iliyotengenezwa na Hewlett-Packard, ilianza kuuzwa, na muda si muda ikawa kama kitanda, huwezi kuita chumba leba bila kuwa nayo. Hammacher alikuwa amesisitiza kitu ambacho sikio haliwezi kukipata kamwe: mchezo wa mstari. Moyo wa mtoto mwenye afya haupigi sawasawa kama mashine. Unapanda na kushuka kidogo kidogo, mapigo 5 hadi 25 kati ya bonde na kilele, kwa sababu ubongo unauvuta huku na huku. Mstari ulionyooka bapa kwa muda mrefu humtia daktari wasiwasi kuliko mstari wenye vilima. Hapo mashine ilileta elimu mpya kweli.

Erich Saling wa Berlin hakuridhika na mistari. Tangu mwanzo wa miaka ya 1960 alikuwa akichukua tone la damu kwenye ngozi ya kichwa cha mtoto kupitia njia ya uzazi, akapima uchachu wake, kwa hoja kwamba ukitaka kujua kama mtoto amekosa oksijeni basi uulize damu. Hoja ilikuwa sahihi, lakini kazi yake ni ya shida, na hospitali nyingi zilipendelea karatasi inayojitokea yenyewe.

Karatasi hiyo nayo ina vituko vyake. Marekani huikimbiza sentimita 3 kwa dakika, nchi nyingi za Ulaya sentimita 1. Moyo ule ule, wa mtoto yule yule, huonekana mtulivu upande mmoja wa Atlantiki na wenye misukosuko upande wa pili. Mwaka 1987 huko Denmark, madaktari wanne wa uzazi walipewa karatasi 50 wazisome. Wote wanne walikubaliana kwenye asilimia 22 tu. Miezi miwili baadaye walirudishiwa karatasi zile zile, na asilimia 21 ya usomaji wao ikapingana na waliyosema wenyewe mara ya kwanza.

Kilichosukuma mashine ilikuwa hofu ya mtindio wa ubongo. William John Little, mpasuaji wa London, alikuwa ameuhusisha na uzazi mgumu tangu 1861, na dhana ikatulia vichwani: mtoto hupooza kwa sababu alikosa hewa siku ya kuzaliwa, kwa hiyo ukimwona mapema na kumtoa mapema utamwokoa. Sigmund Freud, kabla hajawa maarufu kwa mambo mengine, aliitilia shaka mwaka 1897. Alisema huenda uzazi mgumu ni matokeo ya tatizo lililomwanzia mtoto tumboni zamani. Hakusikilizwa. Miaka ya 1970 na 1980 wanawake wa Marekani waliojifungua kwa upasuaji walipanda kutoka kama 5 na nusu katika kila 100 mwaka 1970 hadi karibu 25 mwaka 1988. Mashine haikuwa sababu pekee, ila ilikuwa mojawapo.

Jaribio lililowatikisa watu lilitoka tena Dublin, safari hii hospitali ya wazazi ya Holles Street. Wanawake 12,964 walipangwa kwa bahati nasibu, nusu kwa mashine, nusu kwa pembe. Matokeo yalitoka 1985. Watoto waliokufa walikuwa 14 kila upande. Waliopata degedege baada ya kuzaliwa walikuwa 12 upande wa mashine na 27 upande wa pembe, tofauti isiyoweza kupuuzwa. Lakini watoto walipofuatiliwa hadi umri wa miaka minne, wenye mtindio wa ubongo walikaribiana idadi pande zote mbili. Jambo moja husahaulika jaribio hili linaposimuliwa: Holles Street kila mama alikuwa na mkunga wake pembeni muda wote wa uchungu. Pembe iliyoshindanishwa na mashine pale haikuwa ile ya mkunga mmoja na vitanda sita.

Mwaka 1996 Karin Nelson na wenzake waligeuza swali kwa kutumia rekodi za California. Katika watoto ambao karatasi zao zilionyesha dalili mbaya, ni wangapi walikuja kuwa na mtindio wa ubongo? Asilimia 0.19. Karibu wote waliopigiwa kengele hawakuwa na balaa lililotabiriwa. Wahandisi walidhani basi macho ya binadamu ndiyo mabovu, wakaleta kompyuta isome badala yake. Jaribio la INFANT, Uingereza na Ireland, lilihusisha wanawake zaidi ya 46,000, na matokeo yake yakatoka 2017. Watoto waliopata madhara walikuwa asilimia 0.7 penye kompyuta na asilimia 0.7 pasipo na kompyuta.

Huku kwetu historia ilipita njia nyingine, kwa sababu mashine zilikuwa chache na karatasi zake zikiisha hazirudi upesi. Chombo kilichotawala kilibuniwa Harare, wakati huo Salisbury, na Hugh Philpott pamoja na W. M. Castle mwaka 1972: patografu, ukurasa mmoja unaobeba uchungu wote wa mama. Wengi huikumbuka kwa mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua, lakini kilicho juu kabisa ya ukurasa ni moyo wa mtoto, nukta kila nusu saa. Wakaguzi wamezoea kukuta nukta hizo zimejaa 140, 140, 140, zote kwa wino mmoja na mwandiko wa haraka. Yeyote aliyewahi kufanya zamu ya usiku katika wodi iliyofurika anajua zilivyoandikwa.

Vifaa vipya vilijaribiwa. Nsambya, Kampala, wanawake 1,987 walipimwa kwa dopla ya mkononi, kifaa kinachosikia moyo kwa mawimbi ya sauti, au kwa pembe ya Pinard, na taarifa ya 2015 ikaonyesha dopla iligundua mapigo mabaya mara nyingi zaidi. Muhimbili kilijaribiwa kifaa kiitwacho Moyo, cha kampuni ya Laerdal ya Norway, kinachofungwa tumboni na kusoma mfululizo. Nacho kiligundua mengi zaidi. Kote kuwili, vifo vya watoto havikupungua kwa kiasi cha kuthibitika. Sababu si ngumu kuikisia kwa anayejua hospitali zetu: kugundua saa tisa usiku ni jambo moja, kumpata mtu wa dawa ya usingizi saa tisa na nusu ni jingine.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo yake 2018. Kwa mama mzima asiye na hatari, mashine ya mfululizo haipendekezwi. Asikilizwe kwa vipindi, kwa pembe au dopla: kila dakika 15 hadi 30 uchungu ukishakolea, kila dakika 5 anaposukuma, kwa dakika nzima kila mara, wakati wa mkazo na kuendelea angalau sekunde 30 baada yake. Karatasi mpya ya leba ya shirika hilo, ya mwaka 2020, imeongeza mstari mdogo wa herufi chini ya mapigo, mkunga aandike kama mteremko haukuwepo, ulikuwa wa mapema, wa kuchelewa, au unaobadilika. Mafungu ya Hon na Quilligan, sasa yanatakiwa kwa sikio. Na penye kuchelewa karatasi inamtaka mkunga aite msaada.

Mnazi Mmoja, Zanzibar, walianza mapema kidogo. Kuanzia 2014 madaktari na wakunga wa hospitali hiyo, pamoja na watafiti kutoka Denmark, walikaa wakaandika kijitabu cha mfukoni kilichokatwa kulingana na wodi yao ilivyo, wakifundishana kwa semina za jioni ambazo mtu alihudhuria kwa hiari. Mashine mpya haikununuliwa. Waliozaliwa wafu walishuka kutoka 59 hadi 39 katika kila uzazi 1,000. Matumizi ya dawa ya kuongeza uchungu yalishuka kutoka asilimia 22 ya wazazi hadi 12. Na muda wa kati tangu moyo wa mtoto uliposikilizwa mara ya mwisho hadi alipozaliwa, ambao mwanzoni ulikuwa dakika 120, ulifika dakika 74.